Marejesho hayasubiri huipil: mikopo midogo na wafumaji wa Kimaya wa Guatemala

Mashirika ya mikopo midogo yanapenda sana picha ya mama wa Kimaya aliyepiga magoti, kitanda cha mfumi (chombo cha kufumia nguo) kimefungwa kiunoni mwake, na chini ya picha maelezo kwamba dola mia chache zimemwinua kibiashara. Picha yenyewe haina uongo. Lakini kati ya biashara zote ambazo mwanamke wa nyanda za juu za Guatemala anaweza kuzifanya kwa fedha za kukopa, kufuma kwa kitanda cha kiunoni ni mojawapo ya zile zinazoubeba mkopo wa kawaida kwa taabu kubwa. Sababu iko kwenye kalenda. Marejesho huanza mwezi wa kwanza, nguo ikiwa bado imefika nusu. Mengine yote, riba, dhamana, madalali, yanaeleweka vizuri zaidi ukiishika hoja hiyo mapema.

Nani anayefuma, na anamfumia nani

Sensa ya 2018 iliwahesabu Wamaya kuwa asilimia 41.7 ya wakazi wa Guatemala. Lugha zao zinazotambuliwa rasmi ni 22. Ukizungumzia ufumaji, majina yanayosikika zaidi ni K'iche', Kaqchikel, Tz'utujil, Mam na Ixil, na sehemu zenyewe ni nyanda za juu za magharibi: vijiji vinavyozunguka Ziwa Atitlán, Chichicastenango, Nebaj, Totonicapán, Quetzaltenango. Wafumaji wa Kimaya wapo pia Chiapas, ng'ambo ya mpaka wa Mexico, ila huko sheria na sarafu ni nyingine, kwa hiyo tutabaki Guatemala.

Mavazi yenyewe ni manne ya msingi. Huipil ni blauzi pana isiyo na mikono ya kushonwa, na ndiyo inayobeba michoro inayotambulisha mji wa mvaaji. Corte ni kitambaa kirefu cha kujifunga kama sketi, faja ni mshipi wa kukaza corte, na tzute ni kitambaa cha kila kazi: kubebea mtoto, kufunikia kikapu, kujitanda kichwani, kwa matumizi kinakaribiana sana na kanga. Huipil, faja na tzute hufumwa zaidi na wanawake kwa kitanda cha kiunoni. Corte hufumwa kwa kitanda cha miguu, kinachoendeshwa kwa kukanyaga na kilicholetwa na Wahispania, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanaume, hasa Totonicapán na Salcajá.

Wengi huko nje hudhani mteja ni mtalii. Mteja wa kwanza wa huipil nzuri ni mwanamke wa Kimaya mwenyewe, anayetaka mpya kwa harusi, kwa Krismasi au kwa sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa mji wake. Mtalii hununua vitu vidogo: mikoba, mishipi, vitambaa vya meza. Masoko haya mawili yana misimu tofauti. Watalii hujaa Desemba na Januari, wiki ya Pasaka, na Julai hadi Agosti. Msimu wa mvua, Mei hadi Oktoba, kwa sehemu kubwa ni wa ukame wa fedha. Januari ada na vifaa vya shule vinadaiwa, kwani mwaka wa masomo ndipo unapoanza. Mei ni kupanda mahindi. Mkopo wowote unaochukuliwa bila kuangalia miezi hiyo umeanza na mguu mbaya.

Kuhusu umaskini, utafiti wa kitaifa wa hali ya maisha wa 2014 uliwaweka asilimia 79.2 ya watu wa jamii za asili chini ya mstari wa umaskini, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 59.3. Juu ya hapo kuna vita vya ndani vya 1960 hadi 1996, ambavyo tume ya ukweli ilikadiria kuwa viliua au kupoteza watu zaidi ya 200,000, wengi mno wakiwa Wamaya. Vikundi kadhaa vya wafumaji vilizaliwa katika vita hivyohivyo, vikiongozwa na wajane. Trama Textiles ya Quetzaltenango, ushirika ulioanza 1988, ni mmojawapo, na bado upo.

Saa zinakokwenda

Kitanda cha kiunoni hakina fremu. Ni vijiti na kamba. Mwamba wa juu hufungwa kwenye nguzo au mti. Mwamba wa chini hushikwa na mkanda unaozunguka kiuno cha mfumaji. Akiegemea nyuma, mtande, yaani nyuzi za urefu, unakaza. Akisogea mbele, unalegea. Katikati kuna ufito wa kutenganisha nyuzi, ufito mwingine wenye vitanzi vya kuinulia nyuzi kwa zamu, na ubao bapa wa mti mgumu wa kukazia mshindio, yaani uzi unaopita kati ya nyuzi za mtande.

Kabla ya kufuma kuna siku za maandalizi. Nyuzi huzungushwa kwenye ubao wa vigingi na kuhesabiwa jozi kwa jozi, kwa sababu kosa la uzi mmoja hapo litaonekana kwenye mchoro mzima. Mtande wa pamba hutiwa uji mwepesi wa mahindi ili nyuzi zisichanike zinaposuguana. Kisha ndipo kufuma. Upana wa kitambaa hautaweza kuzidi sana urefu wa mikono, kwa hiyo huipil huwa vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa, mara nyingi kwa mshono wa mapambo uitwao randa. Michoro huingizwa kwa vidole, uzi wa ziada mstari kwa mstari. Mji wa San Antonio Aguas Calientes una sifa ya michoro inayosomeka pande zote mbili za kitambaa, jambo linaloongeza saa bila kuongeza hata sentimita moja ya nguo.

Kitambaa hiki pia hakikatwi. Pindo zote nne hutoka zimekamilika kwenye kitanda, na sentimita za mwisho, ambapo ubao wa kukazia haupiti tena, hujazwa kwa sindano. Sehemu hiyo ndogo hula muda ambao mnunuzi hauoni kabisa.

Tufanye hesabu ya mfano. Huipil ya vipande viwili yenye michoro ya kutosha, ratili tatu za uzi kwa quetzal (sarafu ya Guatemala) 90 kila ratili, ni quetzal 270. Ongeza 40 za nyuzi za shingo na randa: 310. Mfumaji hufanya kazi saa nne kwa siku, kwani kuna kupika, watoto, kuku na shamba, na anamaliza kwa siku 60. Hizo ni saa 240, sawa na siku 30 za saa nane. Dalali akiinunua kwa quetzal 900, anabakiwa na 590, yaani chini kidogo ya quetzal 20 kwa siku kamili ya kazi. Akiiuza mwenyewe kwa 1,500, ni kama 40 kwa siku. Kima cha chini cha mshahara nchini humo, kwa miaka ya karibuni, kimepita quetzal 100 kwa siku. Ili kukifikia, huipil hiyo ingepaswa kuuzwa zaidi ya quetzal 3,000. Zipo zinazouzwa hivyo, ila wanunuzi wake ni wachache na hawafiki kila mwezi.

Mkopo unavyomfikia

Mfumo ulioenea ni wa benki ya kijiji, ambao msomaji aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha mikopo Dar au Kisumu atautambua mara moja. Wanawake kuanzia saba hivi hadi ishirini na kitu hujikusanya, humchagua mwenyekiti, katibu na mhazini, na kila mmoja humdhamini mwenzake. Hakuna hati ya shamba, kwa kuwa mara nyingi shamba na nyumba viko kwa jina la mume. Kinachotakiwa ni kitambulisho cha taifa, uthibitisho wa makazi kama risiti ya umeme, na afisa mikopo kuja kuona nyumba na biashara. Fedha hutolewa kwa hundi au kupitia akaunti ya benki, kikundi hukutana kila mwezi kurejesha, na anayemaliza mzunguko bila kuchelewa hupata mkopo mkubwa zaidi. Mikutano mizuri huendeshwa kwa lugha ya wanachama. Mkataba wenyewe, hata hivyo, huandikwa kwa Kihispania, na hapo ndipo afisa anayejua Kikaqchikel au Kik'iche' anapokuwa na thamani kuliko kipeperushi chochote.

Watoaji ni wa aina nyingi. Friendship Bridge, shirika la Kimarekani ambalo ofisi yake ya Guatemala iko Panajachel kandoni mwa Ziwa Atitlán, imekuwa ikikopesha wanawake Guatemala tangu 1998 na huambatanisha mkopo na mafunzo. Génesis Empresarial ilianza 1988. Banrural ni benki kubwa ya biashara yenye matawi vijijini. Kuna vyama vya akiba na mikopo, na kuna wakopeshaji wa kibiashara wasio na simile. Sheria mahususi ya taasisi za mikopo midogo ilipitishwa 2016, kwa Agizo namba 25-2016 la Bunge.

Halafu kuna fedha za mtandaoni. Kiva, tovuti ya kuchangia mikopo midogo, ambayo mwaka 2005 ilianza na wakopaji wa Tororo, Uganda, humwezesha mtu aliye London au Muscat kuchangia dola 25 kwa mkopo wa mfumaji. Mchangiaji hapati riba, naye mara nyingi huamini kwamba mfumaji halipi riba. Hulipa. Fedha hupitia taasisi ya mahali hapo, na hiyo hutoza riba yake ya kawaida au iliyopunguzwa kidogo, ili kulipa maafisa, pikipiki, mafuta na mikopo iliyokufa. Tena kwa kawaida mkopo huwa umeshatolewa kabla picha haijapanda mtandaoni. Mchango wako hurudishia taasisi mtaji wake. Si utapeli, maana masharti hayo huelezwa kwa anayesoma hadi chini. Ila si hadithi ileile ya mkono kwa mkono.

Kwa nini riba iwe kubwa hivyo? Kumtembelea mkopaji wa quetzal 2,000 huko mlimani kunagharimu sawasawa na kumtembelea wa quetzal 200,000, na huyu wa kwanza hutembelewa mara nyingi zaidi. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba wapo waliotajirika. Mwaka 2007 Banco Compartamos ya Mexico iliuza hisa zake kwa umma na wenye hisa wa awali wakavuna mamia ya mamilioni ya dola, kutokana na mikopo midogo kwa wanawake ambayo riba yake ya mwaka ilizidi asilimia 80. Tanzania mikopo ya namna hii ina jina lake mtaani, kausha damu, na jina linatosha.

Riba isiyopungua na riba inayopungua

Hapa ndipo wakopaji wengi hupigwa chenga, kwa hiyo tuende taratibu. Chukua mkopo wa quetzal 4,000, kama dola 520, wa miezi 12, unaotangazwa kwa "asilimia 2.5 kwa mwezi".

Kama riba hupigwa kwenye salio linalopungua, malipo ni kama quetzal 390 kwa mwezi, na riba yote kwa mwaka ni karibu 680. Kama hupigwa kwenye mkopo wa awali hadi mwisho, riba ni 100 kila mwezi bila kujali ulicholipa, jumla 1,200, na malipo ni 433 kwa mwezi. Tangazo ni lilelile, gharama inakaribia kuwa mara mbili. Ukiigeuza hiyo ya pili kuwa riba ya salio linalopungua, unapata kama asilimia 4.3 kwa mwezi, yaani zaidi ya 50 kwa mwaka.

Bado kuna akiba ya lazima. Taasisi ikishikilia asilimia 10 kama dhamana, mkopaji anaondoka na quetzal 3,600 lakini analipia riba ya 4,000. Ada ya maombi na bima ya maisha hukatwa juu kwa juu. Swali moja linalokata mzizi wa fitina, kabla ya kutia sahihi: nitapokea kiasi gani mkononi, na hadi siku ya mwisho nitakuwa nimelipa jumla ngapi? Afisa asiyeweza kujibu kwa tarakimu mbili tu anaficha kitu au hajui kazi yake.

Sasa rudisha hesabu ya huipil. Mfumaji wetu anabakiwa na quetzal 590 kila baada ya miezi miwili, akiuza kwa dalali. Katika miezi hiyo miwili anadaiwa 867. Hata kwa riba nafuu anadaiwa 780. Mkopo wa 4,000 haumfanyi afume haraka zaidi, kwa kuwa kikwazo chake hakikuwa uzi bali mikono na saa. Anayelipa mkopo huo ni mume aliyeko kwenye mashamba ya kahawa au miwa, kaka aliyeko Marekani, au kuku. Kwenye vitabu vya taasisi ataonekana mkopaji safi aliyelipa kwa wakati, na picha yake itaendelea kutumika.

Anayenufaika

Mfanye mwenzake awe mchuuzi. Kwa quetzal 4,000 zilezile ananunua faja 50 kwa 80 kila moja, anaziuza Chichicastenango siku za soko, Alhamisi na Jumapili, kwa 105. Akizimaliza ndani ya wiki tatu amepata 1,250, atoe 250 za basi na ushuru wa soko, anabaki na 1,000 kabla hata marejesho ya kwanza hayajafika. Mkopo wa kawaida umeshonwa kwa kipimo chake yeye. Ndiyo maana ukifuatilia mikopo "ya nguo za kitamaduni", utakuta sehemu kubwa iko mikononi mwa wanaonunua na kuuza, si wanaofuma. Hilo si baya. Ila liitwe kwa jina lake.

Wengine wanaonufaika ni wenye karakana ya vitanda vya miguu, ambako kitambaa cha corte au cha mikoba hutoka kwa siku chache. Wanaoshona mikoba kutokana na kitambaa kilichokwisha kufumwa, ambao cherehani huwalipa haraka. Na wauzaji wa uzi wa rejareja.

Kwa mfumaji halisi, mkopo una matumizi mawili ya maana, na yote ni madogo.

La kwanza ni kumtoa mikononi mwa dalali anayekopesha uzi. Mpango huo ni wa zamani: dalali anatoa uzi, anachukua nguo, na bei zote mbili anapanga yeye. Tuseme uzi wa 310 anauandika 380, na huipil ya 900 anaichukua kwa 800. Mfumaji amepoteza 170 kwa kila nguo. Mkopo wa 620 unaotosha uzi wa huipil mbili, kwa miezi minne, kwa asilimia 2.5 kwa mwezi na kulipwa mara moja mwishoni, una riba ya 62, yaani 31 kwa kila nguo. Tofauti ya 139 ni yake.

La pili ni kununua uzi wote kwa mkupuo. Anayenunua ratili moja leo na nyingine mwezi ujao atakutana na nyekundu mbili zisizolingana, maana kila pishi la rangi kiwandani hutoka na kivuli chake. Vipande viwili vya huipil vikiwekwa sambamba, kasoro hiyo inaonekana toka mlangoni, na bei inashuka. Kwa rangi za mimea jambo hili ni kali zaidi. Mjini San Juan La Laguna, ambako vikundi vya wanawake hutia rangi kwa nili, achiote (mbegu za rangi nyekundu) na vitu vingine vya shambani na kuikamatisha kwa maji ya mgomba, kila sufuria ni rangi yake. Kinachohitajika kwa kazi moja hutiwa siku moja.

Tafiti zinakubaliana na picha hii ya wastani. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita zilizofanywa kwa kugawa mikopo kwa nasibu katika nchi sita, Mexico na Ethiopia zikiwemo. Biashara zilipanuka kiasi, watu walipata uhuru zaidi wa kupanga fedha zao, lakini kipato cha kaya kwa wastani hakikupanda kwa namna ya kubadili maisha.

Panapoharibika

Kosa la kawaida kabisa ni mkopo wa jina. Mwanamke anatia sahihi, fedha anachukua mume au shemeji, kwa pikipiki au kwa kumlipa msafirishaji wa kwenda kaskazini, Marekani. Afisa anayetazama kwa makini hugundua: kitanda kina kitambaa kilekile cha ziara iliyopita, na hakuna uzi mpya ndani.

La pili ni kulipa mkopo kwa mkopo. Taasisi tatu mji mmoja, mikutano wiki tofauti, na mkopaji anazunguka. Inakwenda hadi siku mtoto anapolazwa.

La tatu ni dhamana ya kikundi yenyewe. Inafanya kazi vizuri mmoja anapokwama. Watatu wakikwama pamoja, wanaobaki huona afadhali waache wote. Na kwa kuwa wanachama ni ndugu na majirani, deni la quetzal 400 linaweza kuvunja ubatizo, harusi na ujirani wa miaka. Gharama hiyo haimo kwenye ripoti yoyote.

Halafu kuna mishtuko inayowapiga wote kwa pamoja. Machi 2020 Guatemala ilifunga mipaka na uwanja wa ndege haukurudia safari za kawaida hadi Septemba. Panajachel na Antigua, miji ya watalii, ilibaki mitupu. Dhamana ya kikundi haina maana pale ambapo kila mwanakikundi alikuwa akimuuzia mtalii yuleyule.

Na kuna ushindani ambao hakuna mkopo unaoutibu: huipil zilizochapwa kwa mashine, picha ya mchoro wa kufumwa ikiwa imehamishiwa kwenye kitambaa cha sintetiki, kwa sehemu ndogo ya bei. Wasichana wengi huzivaa siku za kawaida kwa kuwa ni nyepesi na hazipandishi deni. Kuhusu kampuni zinazonakili michoro bila idhini, chama cha wanawake AFEDES cha Sacatepéquez kilifungua shauri kwenye Mahakama ya Katiba mwaka 2016, kikitaka michoro itambuliwe kuwa mali ya jamii nzima. Mwaka uliofuata mahakama ililitaka Bunge kutunga kanuni. Sheria ya hakimiliki ya kawaida humtafuta mtunzi mmoja mwenye jina, na mchoro wa huipil hauna mtunzi wa namna hiyo.

Mipango inayoendana na kitanda

Inayofanya kazi vizuri zaidi, kwa maoni yetu, ni malipo ya awali ya oda. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa, alipe angalau asilimia 50 mapema bila riba. Kwa nusu hiyo ushirika hununua uzi wa pishi moja kwa bei ya jumla na kuwalipa wafumaji sehemu ya ujira wanapokabidhi. Mkopo huingia mwishoni tu, kuziba pengo kati ya siku mzigo unapoondoka na siku mnunuzi anapomalizia, ambalo ni mwezi mmoja au miwili. Anayekopa ni ushirika, si mama mmojammoja, na deni lina oda iliyoandikwa nyuma yake.

Oda nayo ina mitego. Kitambaa hupungua kinapotolewa kwenye kitanda, kwa sababu mtande ulikuwa umevutwa, na hupungua tena kikifuliwa. Mnunuzi anayetaka kitambaa cha meza cha sentimita 35 kwa 180 apewe kwanza sampuli iliyofumwa, ikafuliwa, ikapimwa, na mkataba uandike kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Uzi mwekundu na wa buluu iliyokoza ujaribiwe kabla ya kununuliwa kwa wingi: loweka kipande kwenye maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, acha kipoe, tazama cheupe. Mzigo mzima kurudishwa kwa kuchuja rangi ni hasara ambayo kikundi kidogo hakiinuki nayo.

Pale ambapo hakuna oda, mkopo wa kulipwa mara moja ndio unaofaa, tarehe ikiwekwa wiki mbili baada ya sikukuu ya mji na si kabla. Taasisi hazipendi mpango huu, kwa kuwa malipo ya mwezi huwaonyesha dalili za hatari mapema. Mwafaka unaowezekana ni kulipa riba tu kila mwezi na mtaji mwishoni.

Wanawake wenyewe wana cuchubal, ambao ni upatu mtupu: kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kwa zamu mmoja anachukua chote. Hauna riba wala afisa. Kwa kununua uzi mara mbili au tatu kwa mwaka, cuchubal ya watu kumi mara nyingi inatosha, mradi zamu zipangwe kwa miezi ambayo kila mmoja anaanza mtande mpya.

Kusajili ushirika kunahitaji wanachama wasiopungua 20, chini ya sheria ya 1978, na usajili hufanywa na taasisi ya serikali iitwayo INACOP. Kikundi cha watu wanane kitaanza basi kama chama cha kawaida, au mwanachama mmoja ajiandikishe kwa mamlaka ya kodi kama mlipakodi mdogo, anayelipa asilimia 5 ya mauzo ghafi, ili ankara zitolewe. Wengi huruka hatua hii. Hoteli na maduka makubwa hayanunui bila ankara, na mauzo yanarudi kwa dalali aliye nayo.

Hatimaye kuna mfuko wa uzi, mkopo ambao hautoki kwa fedha kabisa. Ushirika hununua nyuzi kwa jumla na kumpimia kila mfumaji kwa mizani, ratili na aunsi zikaandikwa mbele yake. Anarudisha kitambaa, nacho kinapimwa. Uzito hupungua kidogo kwa vipande vya mwisho wa mtande. Ukipungua sana, uzi umeuzwa au umeingia kwenye nguo nyingine. Thamani ya uzi hukatwa kwenye malipo bila riba, au kwa nyongeza ndogo ya kufidia nauli. Mifuko hii hufa kwa njia moja hasa: kamati huona aibu kukataa, inaendelea kupokea mikoba ya rangi ambazo hakuna aliyeagiza, na baada ya mwaka mtaji wote umelala kabatini ukiwa nguo. Vikundi vilivyodumu huweka kikomo cha vipande ambavyo havijauzwa kwa kila mfumaji, viwili au vitatu, na anayekifikia hapimiwi uzi mpya hadi kimoja kiondoke.